Nyama ya Jumapili na Moto wa Kuazima

Waingereza wana chakula kimoja ambacho hawabishani kabisa juu ya uasili wake. Ni kile cha mchana wa Jumapili: pande la nyama ya ng'ombe lililookwa likawa kahawia kwa nje na jekundu kidogo kwa ndani, viazi vilivyopikwa kwa mafuta ya nyama hadi vikashika ganda gumu, karoti, kabichi, mchuzi mzito, na ile Yorkshire pudding, yaani rojo la unga wa ngano, mayai na maziwa lililoumuka kwa joto la mafuta. Pasipo na ng'ombe huwekwa paja la mwanakondoo, nguruwe au kuku. Familia hukaa pamoja, baba hukata nyama, na watoto huambiwa kwamba hivi ndivyo mababu walivyokula. Mengi katika maelezo hayo ni kweli. Waingereza wameipenda nyama ya kuchoma kwa karne nyingi, na Jumapili imekuwa siku yao ya kula vizuri kwa muda mrefu. Ninachokitilia shaka ni kitu kimoja tu, nacho ni mahali. Kwa watu wengi wa Uingereza chakula hiki hakikuanza kupikwa nyumbani mpaka nusu ya pili ya karne ya 19, na kwa familia nyingi za wafanyakazi ilikuwa karibu na mwisho wa karne hiyo. Kabla ya hapo kilipikwa katika jiko la tajiri au katika tanuri la mwoka mikate. Kiliingia katika nyumba ya mtu wa kawaida kwa msaada wa jiko la chuma, bomba la gesi na meli za kugandisha nyama. Mababu hawakuhusika sana.

Tuanze na moto wenyewe. Mwingereza wa karne ya 17 au ya 18 alichoma nyama mbele ya moto, wala hakuiweka juu ya makaa kama tufanyavyo sisi. Pande lilitungwa kwenye ufito mrefu wa chuma uliolazwa mbele ya meko, likazungushwa polepole kwa saa kadhaa, na chini yake likawekwa sinia la kukinga mafuta. Aliyesimama hapo alikuwa na kazi tatu kwa mpigo: kuzungusha, kuchota mafuta ya kwenye sinia na kuyamwagia juu ya nyama isikauke, na kuuchochea moto uwe mkali bila kufuka moshi. Katika majumba makubwa, kama lile la mfalme Henry VIII huko Hampton Court, kuzungusha ilikuwa kazi ya vijana waliokaribia kuiva wao wenyewe. Baadaye akaja mbwa. Daktari John Caius alimtaja katika kitabu chake cha mbwa wa Uingereza, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1576: mbwa aliyetiwa ndani ya gurudumu la mbao, akakimbia humo ili ufito uzunguke. Aina hiyo ya mbwa imetoweka, ila mmoja aliyekaushwa bado anaonyeshwa katika jumba la makumbusho la Abergavenny, Wales. Zikaja pia mashine za mawe na kamba zilizofanya kazi kama saa za ukutani, na feni zilizofungwa ndani ya dohani zikaendeshwa na hewa ya moto inayopanda. Hesabu gharama ya mambo hayo yote, kuanzia meko mapana na lundo la kuni au makaa ya mawe hadi mshahara au chakula cha mzungushaji, utaona kwamba hii haikuwa mbinu ya kibanda cha chumba kimoja.

Ushahidi mzuri umo katika pudding yenyewe. Kitabu kiitwacho The Whole Duty of a Woman, cha mwaka 1737, kina maelekezo ya rojo hilo bila kulitaja jimbo la Yorkshire. Miaka kumi baadaye Hannah Glasse akalipa jina hilo katika The Art of Cookery Made Plain and Easy. Kote kuwili chombo cha rojo huwekwa chini ya nyama inayozunguka, ili kila tone la mafuta linaloanguka liwe kiungo chake. Kilikuwa kitu bapa, kizito kiasi, cha kukatwa vipande. Kikombe kile kilichovimba kikawa na shimo katikati, ambacho leo ndicho alama ya mpishi hodari, ni mtoto wa oveni. Kinahitaji bati lenye mafuta yanayofuka moshi na joto lizungukalo pande zote, ndipo maji yaliyomo katika rojo yageuke mvuke na kulisukuma juu kabla halijashikana. Mbele ya moto wazi, ambako joto hutoka upande mmoja tu, hakiumuki kwa namna hiyo. Kwa hiyo mtu anayejisifu kwamba pudding yake ya vikombe ni ya kale anajisifia, bila kujua, ufundi wa mashine ya chuma.

Ni kweli kwamba sifa ya nyama ya kuchoma ilienea mapema sana. Wafaransa waliwapachika Waingereza jina la rosbif, na Waingereza hawakuona ubaya wowote. Mwaka 1731 Henry Fielding aliandika wimbo wa kuisifu nyama ya ng'ombe ya Uingereza ya zamani, na mwaka 1748 William Hogarth akachora lango la mji wa Calais ambapo pande kubwa la nyama iliyotoka Uingereza linapita mbele ya askari wa Kifaransa waliokonda na mtawa mnene anayelitamani. Mwaka huohuo Pehr Kalm, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, alipita Uingereza na kuona kwamba mapishi ya wenyeji hayaendi mbali zaidi ya nyama ya kuchoma na pudding. Aliyewatangulia wote hao ni Mfaransa Henri Misson, ambaye kitabu chake cha 1698 kinaeleza kwamba hata watu wenye mali walikuwa na desturi ya kuchoma pande kubwa siku ya Jumapili, wakashiba, kisha wakala masalio yakiwa baridi siku sita zilizofuata. Anayeamini kwamba chakula cha Jumapili nyumbani ni cha tangu jadi atalishika andiko hilo kwa mikono miwili, na ana haki. Lakini msome Misson kwa makini. Anazungumzia watu wenye mali, tena kwa mshangao kwamba watu wa hadhi hiyo wanakubali kula nyama baridi wiki nzima. Juu ya mvuvi, kibarua wa shambani au mfumaji hasemi kitu. Wimbo wa Fielding na picha ya Hogarth navyo vinatueleza taifa lilivyopenda kujiona. Jiko la mwimbaji ni habari nyingine.

Jiko hilo tunalijua kwa njia nyingine. Mwaka 1863 daktari Edward Smith aliichunguzia serikali chakula cha familia za vibarua na mafundi maskini. Alichokikuta ni mkate kwanza, kisha viazi, chai, na kipande kidogo cha nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi. Nyama ilipopatikana, alipewa mume kwa sababu ndiye aliyekuwa akienda kazini. Mke na watoto walikula mkate uliopakwa harufu yake. Vyumba vya kupangisha vya London, Manchester au Leeds vilikuwa na meko madogo ya kuchemshia birika na sufuria moja. Kununua pande la nyama kwa mkupuo mmoja lilikuwa jambo zito, na kununua makaa ya kulichoma kwa saa tatu lilikuwa zito vilevile.

Hapa ndipo mwoka mikate anapoingia, na ninadhani historia ya chakula hiki haijampa haki yake. Tanuri lake la matofali lilibaki na joto, na siku ya Jumapili hakuruhusiwa kulitumia kwa kazi yake ya kawaida. Sheria ya mikate ya mwaka 1836, iliyofuata ile ya London ya 1822, ilimkataza kuoka mkate Jumapili, ila ilimwachia nafasi ya kuwaokea wateja nyama, pai na pudding mpaka saa saba na nusu mchana. Basi asubuhi watu walijipanga mlangoni wakiwa na vyombo vyao vya udongo, mara nyingi viazi vikiwa vimetandazwa chini na nyama ikiwa imeinuliwa juu yake kwa kibao cha chuma ili mafuta yadondokee humo, au rojo la pudding likiwa mahali pa viazi. Kila chombo kilitiwa alama, kikasukumwa ndani kwa koleo refu la mbao, na mwenyewe akalipa peni moja au zaidi kidogo. Charles Dickens aliwaweka watu hao katika hadithi yake A Christmas Carol ya 1843: barabara zimejaa wabeba chakula wanaoelekea kwa waokaji, na bata bukini wa familia ya Bob Cratchit, ambaye wasomaji wa leo humwona kana kwamba ametoka jikoni mwa mama, kwa kweli ameiva katika tanuri la duka. Dickens hakuchagua jambo hilo kwa ajili ya mapambo tu. Katika miaka ya 1830 mbunge Sir Andrew Agnew alikuwa amepeleka bungeni miswada ya kuzuia karibu kila kazi siku ya Jumapili, pamoja na ile ya waokaji, na Dickens alimjibu mwaka 1836 kwa kijitabu chenye hasira kiitwacho Sunday Under Three Heads. Alijua kwamba tajiri ana mpishi wake nyumbani asiyeguswa na sheria yoyote, wakati maskini akifungiwa tanuri la mtaani atakuwa amefungiwa chakula chake kimoja cha maana katika wiki.

Zingatia pia ile hadithi ipendwayo sana, kwamba familia iliweka nyama motoni, ikaenda kanisani, ikarudi ikaikuta imeiva. Kwa ufito haiwezekani. Ukiiacha nyama mbele ya moto wazi kwa saa mbili bila mtu wa kuizungusha na kuimwagia mafuta, utarudi uikute imeungua upande mmoja na mbichi upande wa pili, na moto umezimika. Tajiri aliweza kwenda kanisani kwa sababu mtumishi wake hakwenda. Hadithi hiyo inakaa sawa katika hali mbili tu: mtu alipokuwa na oveni ya kufungwa nyumbani, au alipoipitisha nyama kwa mwoka mikate akiwa njiani kwenda ibadani na kuichukua wakati wa kurudi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 hali ya pili ndiyo iliyokuwa ya wengi. Yaelekea kumbukumbu ya tanuri la mtaani ilihamishiwa nyumbani baadaye, pale watu walipopata oveni zao, na yule jirani mwenye koleo akasahauliwa.

Wapo watakaosema kwamba hata maskini alikuwa na njia yake ya kuchoma nyumbani, yaani kamba. Hilo ni kweli tupu. Nyama ilifungwa kwa uzi mnene wa sufu uliotundikwa kwenye msumari juu ya meko, uzi ukasokotwa, ukaachwa ufumuke, ukajisokota tena upande wa pili, na nyama ikazunguka hivyo kwa muda mrefu. Nyumba zilizokuwa na uwezo kidogo zilinunua chombo cha shaba chenye mtambo wa springi ndani yake, umbo lake kama chupa, kilichofanya kazi hiyohiyo, pamoja na kizuizi cha bati cha kurudisha joto kwenye nyama. Mbinu hizi zilikuwepo, na zinapunguza ukali wa hoja yangu kidogo. Haziipindui, kwa sababu kamba inaondoa gharama ya ufito na mzungushaji lakini haiondoi gharama ya moto. Bado unahitaji makaa mengi yanayowaka kwa nguvu upande wa mbele, hata mwezi wa Julai, wakati wa joto huko, katika chumba ambamo watoto wanalala. Peni ya mwoka mikate ilikuwa rahisi kuliko makaa hayo, na ndiyo maana foleni zilikuwa kwake.

Mabadiliko yalianza kwa watu waliochukia kupoteza joto. Katika miaka ya 1790 Benjamin Thompson, maarufu kama Count Rumford, aliwaeleza Waingereza kwamba sehemu kubwa ya moto wao inapanda dohani na kupashia mawingu joto, akabuni oveni ya chuma ya kuokea nyama. Thomas Robinson alikuwa ameshapata hataza ya jiko la chuma lenye oveni ubavuni mwaka 1780, na George Bodley wa Exeter akapata ya jiko lililofunikwa juu mwaka 1802. Majiko hayo yalienea taratibu katika nyumba za tabaka la kati, na wapenda nyama wakalalamika. Kwao kilichotoka ndani ya oveni hakikuwa nyama ya kuchoma, kilikuwa nyama ya kuoka kama mkate, na hawakukosea kwa upande wa sayansi: mbele ya moto wazi mionzi hugonga uso wa nyama huku hewa kavu ikipita, ilhali katika oveni ya zamani iliyofungwa mvuke wa nyama yenyewe uliizunguka. Isabella Beeton, ambaye Book of Household Management yake ya 1861 iliuzwa kwa maelfu, bado aliwafundisha wasomaji kutundika nyama mbele ya moto. Kwa hiyo mwanamke anayefungua oveni leo Jumapili anafanya jambo ambalo mabingwa wa mwaka 1861 wangelihesabu kuwa njia ya mkato. Napenda kulikumbuka hilo kila ninaposoma mtu anayelaumu vifaa vya kisasa kwamba vinaharibu jadi.

Gesi ndiyo iliyofika kwa wengi. James Sharp wa Northampton alipata hataza ya jiko la gesi mwaka 1826, lakini kwa miaka mingi watu waliliogopa, wakadhani nyama itanuka au nyumba italipuka. Kilichogeuza mambo ni biashara. Taa za umeme zilipoanza kutishia soko la mwanga, makampuni ya gesi yalitafuta kazi nyingine ya kuipa gesi yao, yakaanza kukodisha majiko, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1880 yakaweka mita za kutumbukiza peni katika nyumba za wafanyakazi. Ile peni iliyokuwa ikienda kwa mwoka mikate sasa ilitumbukia katika kisanduku kilichofungwa nyumbani. Mwaka 1923 jiko la New World likatoka na kidhibiti joto kiitwacho Regulo: mpishi aligeuza kitufe kwenye namba, oveni ikajishikilia yenyewe. Hapo ndipo mwanamke asiye na mtumishi alipoweza kweli kuiacha nyama peke yake akaenda kanisani.

Moto bila nyama hautoshi, na nyama nayo ilitoka mbali. Mwezi Februari 1880 meli Strathleven ilifika London na nyama iliyogandishwa kutoka Australia. Tarehe 15 Februari 1882 merikebu Dunedin iling'oa nanga Port Chalmers, New Zealand, ikiwa na kondoo na wanakondoo karibu 5,000 waliochinjwa na kugandishwa kwa mashine ya mvuke, ikatia nanga London mwezi Mei nyama ikiwa salama. Baada ya hapo Argentina ikaleta ng'ombe. Bei ilishuka, na kwa mara ya kwanza kibarua wa mjini akaweza kulifikiria pande la nyama kila wiki. Hiki ndicho kinachonifurahisha katika hadithi nzima: chakula kinachoitwa cha Kiingereza kuliko vyote kilienea Uingereza wakati nyama yake ilipoanza kuchungwa katika nyika za Río de la Plata na nyanda za Canterbury huko New Zealand, upande wa pili wa dunia. Mishahara nayo ililipwa Jumamosi. Wenye bucha, wasio na majokofu, walipiga mnada usiku wa Jumamosi ili nyama isiwaozee mpaka Jumatatu, na wanawake wenye fedha kidogo walisubiri saa nne au saa tano ya usiku bei ilipoporomoka. Siku ya kula nyama ilipangwa na kanisa, ndiyo, lakini ilipangwa pia na siku ya malipo na hofu ya kuoza.

Katika sura hii mpya mwanamke ndiye aliyebeba mzigo, na sidhani inafaa kumpitia haraka. Maud Pember Reeves na wenzake wa kundi la wanawake la Fabian, jumuiya ya wasoshalisti wa Uingereza, waliwatembelea akina mama wa Lambeth, London, ambao familia zao ziliishi kwa takriban pauni moja kwa wiki, na kitabu chao cha 1913 kinaonyesha jinsi bajeti nzima ilivyozunguka nyama ya Jumapili ambayo sehemu kubwa yake iliingia katika sahani ya baba. Kwa tabaka la kati mzigo ulifichwa na watumishi. Mwanzoni mwa karne ya 20 zaidi ya wanawake milioni moja walikuwa wakifanya kazi za ndani Uingereza. Watumishi walipopungua baada ya vita viwili vya dunia, mama mwenye nyumba aliingia jikoni mwenyewe. Kazi inayomsubiri humo si ya kubahatisha. Nyama inatolewa mahali pa baridi mapema, inapakwa chumvi, inaingia oveni kali. Viazi vinachemshwa nusu, vinatikiswa kwenye sufuria mpaka kingo zake ziwe na unga, ndipo vinamiminwa katika mafuta yaliyokwisha kupata moto. Ukivitia katika mafuta baridi vitanyonya na kulegea. Nyama ikitoka inaachwa ipumzike nusu saa, nyuzi zilegee zisimwage maji yote kwenye ubao, na ni katika nusu saa hiyohiyo ambapo pudding inaingia, mlango wa oveni usifunguliwe, mboga zinachemka, na mafuta ya bati yanageuzwa mchuzi kwa kijiko cha unga. Vitu sita vyenye muda tofauti lazima vifike mezani dakika moja, vyote vya moto. Kisha mume anashika kisu, anakata nyama mbele ya wote, na anasifiwa.

Katika jiko hilo hata makosa yana jadi. Mwaka 1847 mwanakemia wa Kijerumani Justus von Liebig alifundisha kwamba ukiipiga nyama joto kali mwanzoni, uso wake hujifunga na kuzuia maji yasitoke. Nadharia hiyo iliingia katika vitabu vya mapishi na haijatoka hadi leo, ingawa majaribio yameonyesha kwamba uso uliokaangwa hauzuii maji kitu. Unaongeza ladha tu. Wapishi wanaorudia maneno ya Liebig kwa kawaida hudhani wanarudia maneno ya bibi zao.

Umri halisi wa desturi hii nyumbani, kwa wengi, unaweza kuhesabiwa, nao una mapengo. Nyama iliingia katika mgawo wa vita tarehe 11 Machi 1940, na kwa muda mrefu wa vita kila mtu mzima alipewa nyama ya shilingi moja na peni mbili kwa wiki, kiasi ambacho familia ndogo haikuweza kupata kwacho pande la kujivunia. Mgawo huo ulikoma tarehe 4 Julai 1954, kwa hiyo kizazi kizima kilikua kikiisikia nyama ya Jumapili zaidi ya kuila. Kuku, ambaye leo ndiye wa bei nafuu, alikuwa anasa mpaka ufugaji wa viwandani ulipoenea katika miaka ya 1950 na kuendelea. Mwaka 1994 sheria iliruhusu maduka makubwa ya England na Wales kufunguliwa Jumapili, na mchana ule ukapata washindani. Mwezi Desemba 1997, kwa hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, serikali ilipiga marufuku kuuza nyama ya ng'ombe yenye mfupa, na kwa miaka miwili pande la ubavu, ambalo Hogarth angelitambua mara moja, likawa bidhaa haramu kwa sheria ya Uingereza.

Pingamizi la mwisho ni zito kuliko yote. Kama watu walioka nyama yao kwa mwoka mikate, wakaibeba nyumbani, wakaila mezani kwao pamoja na watoto wao, je, si chakula chao cha nyumbani hichohicho? Kwa nini tung'ang'anie mahali moto ulipowaka? Nakubali nusu. Meza, siku na watu waliokaa pamoja ni vya zamani, na havihitaji kutetewa. Ila mahali pa moto panaamua nani analipa na nani anafanya kazi. Nyama ilipookwa mtaani, mama alikuwa na asubuhi yake, na gharama ya joto iligawanywa kwa nyumba hamsini. Ilipohamia ndani, kila nyumba ilinunua joto lake, na saa za mama zikatumbukia humo pamoja na peni. Tukisema daima ilikuwa hivyo, tunayafuta mageuzi makubwa ya kazi ya wanawake na kuyaita mapokeo, na binti anayekataa kutumia Jumapili yake jikoni anaonekana anasaliti mababu ambao wengi wao hawakuwa na oveni.

Mjadala huu unatuhusu kuliko unavyoonekana. Nasi tunasema kwamba nyama choma ni ya tangu jadi, na hatukosei kwamba wafugaji wamechoma nyama kwa karne nyingi. Lakini nyama choma ya Nairobi, Arusha au Dodoma, inayochaguliwa kwenye ndoano ya bucha, ikapimwa kwa kilo, ikachomwa kwa mkaa ulionunuliwa gunia, ikakatwakatwa kwenye ubao na kuletwa na kachumbari na ugali mbele ya chupa za bia, inahitaji mizani, leseni, barabara ya kuleta ng'ombe na mshahara wa mwisho wa mwezi. Nani alifungua bucha la kwanza lenye jiko nyuma yake katika mji wako, aliuza kilo kwa shilingi ngapi, mkaa ulitoka msitu gani, na wanawake walianza lini kuketi hapo kama wateja? Wenye majibu wangalipo, wengine bado wako nyuma ya mizani. Nenda ukawaulize, ukaandike wanayosema pamoja na miaka na bei zake.